Muulize Anko: Macho kwanza, kombati baadaye

Jamani mwezi huu barua zimejaa easofti mpaka nikajiuliza kuna nini. Kwa wale ambao hawaijui, ni ule mchezo wa kuviziana porini au kwenye majengo mabovu kwa bunduki za kuigiza zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6. Ukipigwa unasema mwenyewe "hit", unatoka, hakuna rangi ya kukushuhudia kama kwenye peintiboli kwa hiyo ni mchezo wa watu waaminifu (na waongo wachache). Ulianzia Japani miaka ya 1970, kule ambako raia kumiliki bunduki ya kweli ni shughuli pevu, halafu 1991 Tokyo Marui wakatoa ya kwanza yao ya umeme na ndo mambo yakasambaa dunia nzima. Huku Uingereza naona vijana wetu wanaalikwa na wenzao wa kazini kila wikiendi. Anko wenu nipo humo mwaka wa saba sasa, magoti yangu ni shahidi, basi tuulizane.

Shikamoo Anko. Nipo Reading, nafanya kazi kwenye weahausi, wenzangu wa shifti wamenialika mwisho wa mwezi. Nina pauni 150 tu. Nimeona mtandaoni seti nzima, vesti ya pleti, helmeti na glavu kwa 120, nichukue? – Kijana wa Shifti ya Usiku

Marahaba mdogo wangu. Usichukue.

Ngoja nikwambie yaliyonikuta. Mimi siku ya kwanza nilikwenda na vesti ya pleti, tena na pleti zake za povu ndani ili kifua kijae, mwezi wa saba, jua limewaka kweli, kwa picha nilikuwa komando ila kufika saa tano asubuhi nimeloa kama nimetoka kuogelea na kila nikilala chini zile pochi za magazini (vikasha vya kujazia vidonge) zinaninyanyua tumbo, kichwa kinachungulia juu ya gogo, napigwa. Napigwa tena. Mchana nikaivua nikaiweka kwenye gari, nikacheza na tisheti na mkanda, na hapo ndo nikaanza kufurahia. Kidonge cha gramu 0.2 cha plastiki hakihitaji ngao ya kifuani mdogo wangu, kinahitaji shati lisilobana.

Pesa yako igawe hivi. Kwanza miwani ya kinga, hapo usiwe bahili, soma jibu linalofuata. Pili buti zinazofunika kifundo cha mguu, maana msitu wa huku ni mizizi, matope na mashimo ya sungura, na watu wengi niliowaona wakibebwa wameteguka mguu, hawakupigwa na chochote. Kajaribu buti jioni baada ya kazi miguu ikiwa imevimba, na uvae soksi nene za sufu utakazochezea, siyo zile za ofisini. Tatu kinga za magoti, hata za mafundi wa marumaru zinafaa kabisa, utapiga goti juu ya jiwe mara mia kwa siku. Bunduki kodi pale pale uwanjani, karibu kila uwanja unakodisha pamoja na maski, cheza mara tatu nne ndo ujue wewe ni mtu wa kukimbia mbele au wa kulala kichakani, maana vifaa vyao havifanani.

Nguo? Suruali ya kombati ya mtumba wa jeshi, hasa zile za zamani za Waingereza za mabaka zinazoitwa DPM, kwenye maduka ya masalio ya jeshi unapata kwa bei ya chipsi kuku za watu wawili. Ni ngumu, zina mifuko mikubwa, ukizichana kwenye miiba hulii. Usivae jinsi, ikiloa inakuwa na uzito wa gunia na haikauki mpaka kesho. Usivae taiti peke yake pia, kidonge kikikuta nguo imebana ngozi kinang'ata haswa, nguo ikiwa pana kinaishia kwenye kitambaa. Shingo ifunge kikoi. Ndiyo, kikoi, hicho hicho cha pwani, mimi sijaona kitu kizuri zaidi cha kuzuia kidonge cha shingo, na ukimaliza unajifutia jasho.

Baadaye ukishanogewa utataka sehemu ya kubebea magazini. Hapo tafuta mkanda wa kifuani mwepesi wa pochi tatu nne, siyo vesti. Vyote vina zile kamba za mlalo zinaitwa MOLLE, mistari ya upana wa inchi moja, imeshonwa kila inchi moja na nusu. Watu wengi wanapachika pochi vibaya halafu wanalalamika inaning'inia. Ni kusuka, basi. Ulimi wa pochi unaupitisha chini ya kamba ya vesti, unarudi chini ya kamba ya pochi yenyewe, tena ya vesti, tena ya pochi, mpaka mwisho unabana kifungo. Kama uliwahi kumwona bibi akisuka ukili utaelewa mara moja, ukiruka njia moja mkeka wote unalegea. Na kama unashika bunduki kwa mkono wa kulia weka magazini upande wa kushoto, mkono ulio huru ndo unaochomoa.

Anko mambo. Mimi navaa miwani ya macho, bila hiyo sioni mbele. Nikivaa maski ya kukodi inajaa mvuke dakika mbili nakuwa kipofu. Jamaa mmoja ameniambia ninunue ile ya wavu wa chuma, haipati mvuke kabisa. Ni kweli? – Macho Manne, Leicester

Poa. Ni kweli haipati mvuke, na mimi siivai machoni hata unilipe. Vidonge vingine, hasa vya bei poa na vile vinavyooza vyenyewe vikishakaa sana, vinapasuka vikigonga wavu, vipande vinapita kwenye matundu vinaingia machoni. Mdomoni sawa. Machoni hapana.

Sasa tuingie kwenye ishu yenyewe maana hapa ndo watu wanaibiwa. Miwani mingi ya kinga ya Ulaya imepimwa kwa kipimo kinaitwa EN 166. Wanachukua gololi ya chuma ya milimita 6, uzito gramu 0.86, wanairusha kwenye kioo. Herufi F maana yake imehimili mita 45 kwa sekunde, B mita 120, A mita 190. Piga hesabu na mimi: F inatoka kama jouli 0.87. Viwanja vingi huku vinaruhusu bunduki ya futi 350 kwa sekunde kwa kidonge cha gramu 0.20, hiyo ni jouli 1.14, na sheria ya Uingereza ya 2017 yenyewe inaruhusu mpaka jouli 1.3 kwa zinazorusha mfululizo na 2.5 kwa zinazorusha moja moja. Kwa hiyo ile miwani ya fundi seremala yenye F imepimwa kwa nguvu ndogo kuliko kidonge kitakachokujia! B ni jouli sita na ushee, hapo unalala usingizi. Na miwani ya mikono miwili ya kukaa masikioni, kwa kipimo hicho, haiwezi kuvuka F, B inaanzia kwenye zile zinazokumbatia uso na mkanda wa nyuma. Zipo za mikono zilizopimwa kijeshi ambazo kioo chake ni kigumu kweli, ila pembeni zinaacha mwanya na kidonge hakipigi hodi.

Herufi itafute imechongwa kwenye kioo na kwenye fremu, vyote viwili, zikitofautiana hesabu ile ndogo. Ikiwa imeandikwa kwenye boksi tu, rudisha. Mimi yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa muuzaji fulani, boksi limeandikwa kila aina ya sifa, miwani yenyewe tupu haina hata alama. Nikaiweka juu ya kisiki nikairushia mwenyewe kwa bunduki ya rafiki, kidonge cha tatu kikaacha ufa kama utando wa buibui. Nikakaa chini kwanza.

Haya, mvuke. Tafuta ya kioo cha tabaka mbili, ile hewa ya katikati inazuia kioo cha ndani kisipoe. Wewe mwenye miwani ya macho tafuta iliyotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani, au yenye sehemu ya kupachika lenzi zako ndani, ukiwa na hela kuna zenye kifeni kidogo cha betri, zinavuma kama mbu sikioni ila zinafanya kazi. Kama unaweza lenzi za kuweka jichoni basi umemaliza tatizo. Njia ya kimaskini: tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, pakaza kwa kidole kioo kikiwa kikavu, kisha futa na kitambaa laini mpaka kiwe kisafi, usikisuuze. Inakaa nusu siku. Usiguse kwa petroli wala dawa kali za kusafishia vioo vya nyumba, plastiki ile inakufa taratibu na huoni.

Halafu chanzo kikubwa cha mvuke ni mdomo wako. Ukivaa kinyago cha kitambaa pumzi yote inapanda juu inaingia kwenye miwani. Vaa kile cha wavu chini, pumzi itoke mbele. Na usiache kukivaa kisa joto, nina rafiki alicheka kwa bahati mbaya wakati anachungulia dirishani, jino la mbele likaondoka na kona yake, daktari wa meno huku bei yake unaijua.

Na kitu kimoja nakuomba. Mvuke ukijaa usinyanyue miwani hata sekunde moja ukiwa uwanjani. Nyanyua mkono, piga kelele uko nje, tembea mpaka eneo salama. Niliwahi kunyanyua kwa kusahau, marshali, yaani msimamizi wa mchezo, alinifokea mbele ya watu wote kama mtoto wa darasa la pili na akanitoa mpaka mchana. Alikuwa sahihi kabisa.

Anko, habari za huko. Mwanangu ana miaka 14, wenzake wa shule wanakwenda huko na baba zao. Baba yake hataki hata kusikia, anasema mtoto mweusi na bunduki ya mfano barabarani ni kujitafutia balaa. Mimi niko katikati. – Mama wa Northampton

Nzuri mama, poleni na mjadala. Niseme ukweli baba yake ana hoja na msimpuuze. Ndani ya uwanja mchezo una usalama mzuri kama sheria zinafuatwa. Viwanja vingi vinapokea watoto wa umri wake wakiwa na mzazi, wengine wanataka mzazi awepo siku nzima, na chini ya miaka 18 karibu wote wanadai maski ya uso mzima, hakuna mjadala. Mpigie simu mwenye uwanja kabla, kila mmoja ana umri wake.

Hatari ipo njiani. Kuwa na bunduki ya kuigiza mahali pa umma bila sababu ya maana ni kosa la jinai hapa, na polisi akipigiwa simu hajui kama ni ya plastiki. Kwa hiyo kwa umri wake asimiliki bunduki, akodi pale pale. Kisheria hata dukani hawaruhusiwi kumuuzia mpaka afikishe 18. Na mavazi pia: asipande basi amevaa kombati na vesti na maski shingoni, aende na traksuti, kila kitu kwenye begi la kawaida, avalie uwanjani. Mimi mtu mzima na mvi zangu nafanya hivyo hivyo, nikisimama kujaza mafuta nina sweta la kawaida juu.

Cha kumnunulia ni maski yake mwenyewe, maana za kukodi zimepita nyuso mia na nyingi ni za kichwa cha mtu mzima, zinacheza. Akivaa atikise kichwa kama anakataa uji, isisogee. Glavu pia, vidole vya watoto vinaumia sana baridi ikiwepo. Buti za skauti zinatosha, anakua bado. Na mwambie baba yake aende naye mara moja, siku ya kwanza akae tu aangalie. Nawajua wawili waliokwenda kuangalia na sasa wana vifaa kuliko watoto wao.

Asalaam alaykum Anko. Navaa hijabu na nimecheza mara mbili, naipenda sana ila hijabu inavutwa na mkanda wa miwani, pini zinanichoma, na suruali za kombati zote zimekatwa kiume. – Dada wa Coventry

Waalaykum salaam dada yangu. Hili nimemuuliza mke wangu na binti yake dada yangu anayecheza, siyo langu. Wanasema acha pini kabisa, kidonge kikigonga pini inaingia kwenye ngozi. Tumia hijabu ya michezo ya kuvaa kama soksi, ya kitambaa kinachovutika, rangi ya kijani kibichi iliyokolea au kahawia, na mkanda wa miwani upite JUU ya hijabu, ukikaa chini unateleza na mwanya unabaki pembeni ya jicho. Ukishavaa pitisha kidole kuzunguka miwani yote, nguo isiingie kati ya povu na ngozi maana hapo ndo hewa na kidonge vinapata mlango. Juu yake kofia ya kitambaa ya ukingo mpana, inashika kila kitu. Wenye rasta na misuko hiyo hiyo ushauri wake, ila funga nywele chini nyuma, ukizifunga juu mkanda hauna pa kukaa.

Suruali chukua kubwa namba moja kiunoni ili ipite nyonga, halafu kaza na mkanda, au mpelekee fundi apunguze kiuno, kazi ya dakika ishirini. Juu vaa lile koti refu la kijeshi linalofika mapajani, kwanza ni la heshima, pili lina mifuko minne mikubwa, hutahitaji hata mkanda wa kifuani.

Anko rangi gani ya kombati ni bora? Wengine wanasema MultiCam, wengine nyeusi. – Mbishi wa Luton

Nyeusi porini ni kosa, porini hakuna kitu cheusi tii, unaonekana kama shimo linalotembea. Nyeusi iache kwa michezo ya ndani ya majengo. MultiCam, mabaka ya kampuni ya Crye Precision ambayo jeshi la Marekani liliyachukua kwa Afghanistan 2010, ni nzuri kila mahali kidogo kidogo, na MTP ya Waingereza ya mwaka huo huo ni ndugu yake kabisa, tena ya mtumba ni rahisi. Lakini msitu wa huku majani yakishaanguka, mwezi wa kumi na moja hivi, hakuna inayoifikia Flecktarn ya Wajerumani, yale madoadoa, nimewahi kumkanyaga mtu mguu nikadhani kichaka. Ila Mbishi, ukitikisika tu umeonekana, hata uvae nini. Na uso wako na viganja ndo vinang'aa kwa jasho kabla ya suruali. Uliza pia uwanja kabla hujanunua, siku nyingine wanagawa timu kwa rangi ya nguo na wewe utajikuta peke yako na maadui wote wamevaa kama wewe.

Desemba naenda Kampala halafu Dar, naweza kubeba koti langu la mabaka? Ni la baridi tu. – Msafiri, Milton Keynes

Usibebe. Uganda raia haruhusiwi kuvaa nguo za jeshi wala zinazofanana nazo, na Septemba 2019 wakaongeza mpaka bereti nyekundu kwenye orodha. Tanzania Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe sare na nguo zinazofanana na za jeshi. Kenya nako vivyo hivyo, askari hataki kusikia ulilipataje. Hata Barbados kwenye utalii wanakataza mabaka, hadi ya mtoto mdogo. Kagua begi vizuri, maana hata kaptura na kofia ya mabaka vinahesabika. Na bunduki ya kuigiza, hata kipande chake, iache Milton Keynes.

Anko ile namba ya UKARA inahitajika nikinunua vesti na buti? – Mgeni

Hapana. Nguo na vifaa unanunua kama mtu anavyonunua mchicha. UKARA, ule usajili wa wachezaji, ni ya bunduki zinazofanana na za kweli: unacheza mara tatu kwenye uwanja uliosajiliwa, ndani ya muda usiopungua siku 56, ndo wanakuandikisha na duka linaweza kukuuzia. Bila hiyo utauziwa ile iliyopakwa rangi ya kung'aa nusu yake na zaidi, kama toi la kuogea.

Wameniambia nije na kitambaa chekundu, cha nini? – Kijana wa Shifti ya Usiku (tena)

Wewe tena! Ni cha kuonyesha umekufa. Ukipigwa unakivuta unakiweka juu ya kichwa ukiwa unatembea kurudi, wasikupige tena. Kiwe kikubwa na kiwe mfuko wa juu, ukianza kukitafuta kwenye mfuko wa suruali watakuwa wameshakumalizia magazini nzima. Usinunue. Mimi nilikata khanga nyekundu ya mke wangu iliyochanika, ilikuwa ile ya "Wema hauozi", kwa haraka sikuangalia nimekata wapi, kwa hiyo miaka saba sasa nikifa natembea uwanjani nimebeba kitambaa kichwani kimeandikwa HAUOZI, Waingereza wanadhani ni jina la timu. Kikunje mara nne, kona moja ichungulie nje.